Kijitabu cha Katiba ya Marekani, inama bukshop ya Tom Mboya, shilingi 150

Watu wa tao mnajua inama bukshop, vitabu vimetandazwa chini kwa gunia na wewe unainama. Mimi niliinama hapo mtaa wa Tom Mboya, Nairobi, jioni moja nikingoja gari ya Umoja, foleni ilikuwa imefika kona, nikaona kijitabu chembamba kimebanwa katikati ya vitabu vya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, Katiba ya Marekani, saizi ya kuingia kwa mfuko wa shati. Muuzaji akasema 250, tukavutana mpaka 150, nikatuma kwa simu. Mzee mpole sana na anajua kila kitabu kiko wapi kwa hiyo gunia, huduma yake sina neno.

Karatasi ni nyepesi kama ya Biblia, maandishi madogo mno, kwa taa ya matatu husomi kitu. Vifungu ni 7 pekee na marekebisho 27, yetu ya 2010 iko na vifungu 264, kwa hivyo usiku mmoja umemaliza. Kilichonishtua ni Mungu. Katiba yetu inaanza kwa kumkiri Mwenyezi Mungu, yao haimtaji isipokuwa pale kwa tarehe mwishoni, mwaka wa Bwana wetu, halafu kifungu cha 6 kinakataza mtu kupimwa kwa dini ndio apewe cheo cha serikali. Na dola yao imeandikwa kwamba wanamtumaini Mungu! Mimi naimba kwaya, nimelelewa kanisani, hiyo kitu ilinikosesha raha siku kadhaa.

Sasa hapa ndipo pesa yangu ilirudi. Aliyekuwa nacho kabla yangu, nadhani mwanafunzi wa sheria, aliandika kwa penseli kando ya marekebisho ya kwanza, yale ya uhuru wa dini na wa kusema: Barnette 1943. Basi. Nikatafuta kwa simu. Kumbe ni kesi ya watoto wa Mashahidi wa Yehova huko West Virginia, walifukuzwa shule kwa kukataa kupigia bendera saluti, na wakati huo ni vita kuu, ukikataa bendera unaonekana adui. Miaka mitatu nyuma, 1940, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kesi kama hiyo kwa majaji 8 dhidi ya 1 kwamba shule inaweza kulazimisha, na baada ya hapo Mashahidi wakaanza kupigwa na makundi ya watu mitaani. Halafu tarehe 14 Juni 1943, na hiyo kwao ni siku ya bendera, mahakama ile ile ikajigeuza, 6 dhidi ya 3. Jaji Robert Jackson akaandika kwamba hakuna afisa, mkubwa au mdogo, wa kuwaamulia wananchi waamini nini kwa siasa, uzalendo au dini.

Nikafunga kijitabu. Darasa la sita tulikaa dawati moja na kijana wa Mashahidi, kila Jumatatu bendera ikipandishwa yeye anasimama wima lakini haimbi wimbo wa taifa, na siku moja alichapwa mbele ya paredi nzima, na mimi nilicheka na wenzangu, muhula uliofuata hakurudi. Nilikuwa nikiamini alistahili. Mpaka juzi, mtu mzima, bado sikuwa nimeona shida yoyote, kwa sababu imani iliyochapwa haikuwa yangu.

Kasoro sasa, na ni kubwa. Karatasi ya marekebisho ya 13 mpaka 15 imechanika, haipo kabisa. Mtu anaweza sema ni karatasi moja tu, hapana. Kifungu cha kwanza bado kimebeba ile hesabu ya mtumwa kuhesabiwa tatu kwa tano za mtu, sasa bila marekebisho ya 13 ya mwaka 1865, yaliyokomesha utumwa, na ya 14 yaliyofuta hesabu yenyewe, msomaji hajui hiyo iliisha vipi. Na tena marekebisho ya kwanza yanaizuia Kongresi pekee, yaani bunge lao la taifa, hayasemi chochote juu ya bodi ya shule ya West Virginia, ni yale ya 14 ya mwaka 1868 yaliyofikisha uhuru huo mpaka kwa majimbo. Yaani hiyo note ya penseli haina maana bila karatasi iliyochanika. Wale watoto walisimama juu ya karatasi iliyoandikwa kwa sababu ya watumwa, hii imekaa kwa kichwa changu wiki nzima.

Na msifikiri nawasifu Wamarekani tu. 1944, mwaka mmoja tu baadaye, mahakama hiyo hiyo ilikubali watu wa asili ya Japani waondolewe makwao, na waliofungiwa kambini ni zaidi ya laki moja. Jackson alipinga lakini alishindwa. Katiba iko mfukoni na bado mtu anafungiwa, sisi ambao Juni 2024 tulishika kifungu cha 37 cha katiba yetu, haki ya kuandamana, mkononi tukienda tao tunaelewa.

Nilirudi kwa yule mzee nikamwonyesha. Akatafuta kwa katoni akapata nakala nyingine nzima, akaniachia niende cyber kutoa kopi, hata kitambulisho hakuitisha. Shilingi 10, nimeibandika na gundi mahali pake. Nyota nne. Ukienda, fungua hapo kwa marekebisho ya 13 kabla hujalipa.