Kifurushi cha kipimo cha kometi: kinafaa kwa XRCC1, si kwa BRCA2

Kwa anayechunguza jeni za ukarabati wa DNA katika seli za mamalia, kifurushi hiki kinafaa kununuliwa, mradi ujue kinapima nini: DNA iliyovunjika, ambayo umeme huivuta nje ya kiini cha seli ikawa kama mkia wa kometi (nyota yenye mkia); mkia mrefu ni dalili ya mivunjiko mingi. Ndani mna agarosi inayoyeyuka kwa joto dogo, slaidi zilizopakwa tayari, bafa ya kuyeyusha utando wa seli na rangi ya DNA.

Slaidi ndizo tatizo. Zikiwa na unyevunyevu, agarosi hubanduka ndani ya alkali na sampuli yote hupotea. Zikaushe kwanza, kisha changanya seli na agarosi ya 37°C na uzipake juu yake. Ikiwa moto kupita hapo, joto lenyewe huziumiza seli. Ziache slaidi kwenye bafa ya kuyeyusha utando kwa saa 1, 4°C, gizani. Halafu dakika 20 katika alkali yenye pH zaidi ya 13, ndipo uwashe umeme, takriban volti 1 kwa kila sentimita.

Kwa seli zisizo na XRCC1, jeni ya kukarabati mivunjiko ya uzi mmoja wa DNA, matokeo hupendeza: baada ya dawa ya peroksidi ya hidrojeni, inayovunja DNA, mikia hubaki mirefu, ilhali ya seli za kawaida imeshafupika. XPA, jeni ya kuondoa sehemu za DNA zilizoharibiwa na miale ya urujuanimno, inataka tahadhari. Seli zisizo nayo, zikipigwa miale ya urujuanimno, hutoa mikia mifupi, si kwa kuwa ni nzima bali kwa kuwa DNA yao haikatwi ili kuondoa sehemu iliyoharibika. Mwongozo haulitaji hili hata kidogo, nayo ni kasoro kubwa, maana mgeni atasoma matokeo kinyume kabisa.

Kwa BRCA2, jeni ya kukarabati mivunjiko ya nyuzi zote mbili za DNA, afadhali kuhesabu kwa kingamwili madoa ya RAD51, protini ambayo BRCA2 huipeleka kwenye mivunjiko hiyo.