Programu ya kuchezea nyimbo na video za nyumbani: nilivyozunguka hadi nikatulia

Diski yangu ni ya terabaiti 2 na imeshajaa zaidi ya nusu. Humo mna kwaya ambazo marehemu baba alizinunua kwenye kanda tangu tunaishi Tukuyu, bongo fleva nilizopakua nikiwa chuoni, filamu za Kibongo nilizozitoa kwenye VCD kabla hazijachunika, filamu za nje zilizotafsiriwa na madijei, halafu video za familia: harusi, sendofu, kipaimara, na misiba miwili ambayo hakuna anayeifungua wala anayekubali ifutwe. Siku nilipokaa kuhesabu nilipata nyimbo 11,000 na ushee na video zaidi ya 600.

Kwa miaka mingi utaratibu wetu hapa Uyole ulikuwa mmoja: chomoa diski kwenye kompyuta, chomeka kwenye TV, anza kushuka na rimoti mpaka kidole gumba kife ganzi. Faili moja likigoma, unahamia jingine. Mwaka jana nikasema basi, natafuta programu moja ya maana. Nimejaribu kadhaa, na ninayoyaandika hapa ni ya nyumbani kwangu, kwenye kompyuta mpakato ya zamani ya Core i3 yenye RAM ya GB 4. Mwenye mashine ya nguvu atanisamehe.

Jambo nililochelewa kuligundua ni hili. Programu nyingi za maktaba zimetengenezwa kwa kuamini kwamba ulichonacho kinajulikana huko mtandaoni. Ukiweka filamu ya Hollywood, inachungulia kwenye hifadhidata, inakuletea bango, mwaka, waigizaji na muhtasari, unabaki unashangilia. Ukiweka kwaya ya usharika wa Rungwe iliyorekodiwa kwenye kanda, inakuandikia "msanii asiyejulikana", basi. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi si uzuri wa programu. Nauliza: ikikutana na kitu isichokijua, inakifanyaje?

Naanza na VLC, kwa sababu karibu kila kompyuta niliyowahi kuigusa Mbeya inayo, kuanzia steshenari za Kabwe mpaka mashine za vijana wanaoingiza nyimbo kwenye flashi pale Mwanjelwa. Ni ile yenye koni ya barabarani. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni huria ya GPL, ndiyo maana mpaka leo ni bure na haina matangazo. Ubora wake ni kwamba imebeba kodeki zake tumboni, yaani vile visomaji vya miundo ya sauti na video, haiombi msaada wa Windows. Yale mafaili ya DAT ya kwenye VCD, AVI za zamani, MKV, hata faili lililokatika katikati kwa sababu flashi ilichomolewa kwa haraka, inajitahidi kucheza mpaka inapoweza.

Kuna vitufe vyake viwili vitatu ambavyo watu wengi hawavijui. Ukibonyeza G na H unasogeza maandishi ya chini yaendane na maneno. J na K unasogeza sauti. Video ya harusi ya dada yangu, iliyohamishwa kutoka kwenye mkanda wa kamera, mchungaji anafungua mdomo kwanza halafu sauti inakuja baadaye. Nilibonyeza J mara kadhaa, mchungaji akakaa sawa. Sauti nayo inapanda kupita asilimia 100, ikawa mkombozi kwa kwaya zilizorekodiwa chini sana. Ila usiisahau huko juu ukafungulia wimbo wa kisasa. Sabufa yangu ilikoroma siku moja nikadhani imepasuka.

Ubovu wake? Kwenye kompyuta, VLC ni mchezaji, si mtunza maktaba. Nyimbo 11,000 ukizimwaga mle utapata orodha ndefu kama foleni ya malori pale Tunduma. Kwenye simu wamejitahidi zaidi, inapanga kwa wasanii na albamu.

Baada ya hapo nikaenda Kodi. Hii nayo ina historia: ilizaliwa kwa ajili ya mashine za michezo za Xbox, ikaitwa XBMC, jina likabadilishwa kuwa Kodi mwaka 2014. Wengi wetu tumeisikia kwa wauza maboksi ya TV wanaoipakia viongezo vya kuangalia mpira wa wizi, mpaka watu wanadhani Kodi ndiyo hiyo. Sivyo. Kodi yenyewe inakuja tupu kabisa, inacheza ulichonacho wewe.

Ni nzuri kwa macho, hilo sipingi. Imetengenezwa uiangalie ukiwa umekaa kwenye kochi, maandishi makubwa, unatembea kwa rimoti. Nilipoonyesha folda ya filamu za nje, ndani ya nusu saa ukuta mzima ukajaa mabango kama jengo la sinema. Kwa furaha nikaipa na folda ya familia, na sikubadilisha chochote: nikaacha imeandikwa "filamu". Kosa hilo ni langu mwenyewe. Asubuhi yake bibi amekaa sebuleni na blanketi lake, ananiita: "Mjukuu wangu, hebu njoo. Huyu ndiye bwana harusi?" Sendofu ya binamu yangu ilikuwa imevishwa bango la filamu ya kigeni, mwanamume kifua wazi na bastola mkononi. Kodi iliona jina la folda, ikatafuta linalofanana nalo mtandaoni, ikabandika. Tulicheka, lakini binamu mwenyewe alipoona hakucheka sana.

Dawa ipo. Unapoongeza folda, inakuuliza yaliyomo ni ya aina gani; unaweza kuiambia isitafute chochote, au itumie taarifa zilizo kwenye diski tu. Hapo unaiandikia kila filamu faili dogo la NFO lenye jina, mwaka na maelezo, na unaweka picha ya bango pembeni yake. Niliandika za filamu za Kibongo 38, nikipiga picha makasha ya VCD kwa simu. Ya 39 ikanishinda. Hata hivyo zile 38 zinapendeza kuliko zote.

Tatizo langu na Kodi likabaki moja: inakaa pale ilipo skrini. Kompyuta iwe chini ya TV, na mimi kompyuta hiyo ndiyo natumia kazini. Mke wangu akitaka kusikiliza kwaya jikoni, diski iko sebuleni. Kwa hiyo nilichohitaji ni seva, yaani programu inayokaa kwenye kompyuta yenye diski na kugawa vilivyomo kwa vifaa vingine vya nyumbani.

Plex sikukaa nayo. Inataka ufungue akaunti kwao mtandaoni, na baadhi ya mambo ni ya kulipia. Kwa mtu ambaye bando lake linakata pumzi kabla ya mwisho wa mwezi, kuomba ruhusa mtandaoni ili nisikilize kanda za baba yangu haikuniingia akilini. Nilijaribu pia programu moja ya kulipia ambayo jina lake nalihifadhi. Ilinipangia wasanii vizuri, halafu muda wa majaribio ulipoisha ikafunga kila kitu na mpangilio wangu wote ukabaki mle ndani.

Jellyfin ndiyo niliyokaa nayo, sasa ni miezi tisa. Ilizaliwa Desemba 2018, wakati Emby, seva nyingine ya aina hiyo, ilipoacha kuwa huria na baadhi ya watu wakachukua msimbo wa zamani wakaendelea nao bure. Unaiweka kwenye kompyuta yenye diski, na vifaa vingine ndani ya nyumba vinaivuta kupitia Wi-Fi. Kwenye simu unaweka programu yake, au unafungua kivinjari na kuandika anwani ya kompyuta pamoja na namba 8096 mwishoni. Akaunti unatengeneza mwenyewe, inakaa kwenye mashine yako. Nilimfungulia bibi ya kwake, inaonyesha kwaya na video za familia tu.

Jambo ambalo majirani wawili walinibishia hadi wakaja kuona: hii haili bando. Ruta ikiwaka, hata kama kifurushi kimeisha wiki iliyopita, Wi-Fi yake bado inaunganisha vifaa vya ndani. Video inatoka kwenye diski chumbani, inapita kwenye ruta, inafika kwenye TV. Haitoki nje ya uzio.

Na lile swali langu la kitu isichokijua? Jellyfin inakubali uiambie kwamba folda fulani ni ya video za nyumbani. Ukishafanya hivyo haikisii. Inafuata folda na majina uliyoyaandika wewe, na picha ya juu inaitoa ndani ya video yenyewe. Sendofu ya binamu sasa ina picha ya keki. Filamu za Kibongo nyingine nazo nimeziweka humo humo, na zile 38 nimezipa folda yao pembeni, zikasomwa pamoja na NFO zao.

Isije ikaonekana ni mteremko. Kifaa kikishindwa kuusoma muundo wa faili, seva inalazimika kulibadilisha papo hapo, na hapo Core i3 inalia. Watu wawili wakiangalia AVI za zamani kwa wakati mmoja, picha inaanza kukwama. Nikawa naacha programu ya HandBrake usiku ibadilishe chache chache kuwa MP4 ya H.264, ambayo simu na TV karibu zote zinaimeza bila kutafuna. Ilichukua kama wiki sita. Baridi ya Uyole ya Juni na Julai ilisaidia. Kompyuta ilifanya kazi usiku kucha na feni haikupiga kelele.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa nyimbo. Jellyfin inapanga muziki kwa tagi, yaani yale maandishi yaliyofichwa ndani ya faili: msanii, albamu, namba ya wimbo. Za kwangu zilikuwa jalala. Kwaya moja ilikuwa na majina saba, kwa sababu ya "K/Vijana", "Kwaya Vijana", "kwaya ya vijana" na ndugu zake. Nyimbo za bongo fleva zilizopakuliwa mtandaoni zilikuwa zimegongwa mihuri ya tovuti, yaani kwenye nafasi ya albamu kuna anwani ya tovuti. Nilipofungua orodha ya albamu mara ya kwanza, albamu kubwa kuliko zote ilikuwa tovuti.

Hapo ndipo foobar2000 ilipoingia. Ni ya mwaka 2002, kazi ya Peter Pawlowski, na sura yake ni kavu kama risiti. Lakini unachagua nyimbo 400 kwa mkupuo, unaiambia isome jina la faili, kabla ya kistari ni msanii, baada yake ni wimbo, inajaza tagi zote. Ina pia kitu kinaitwa ReplayGain: inapima kila wimbo una kelele kiasi gani na kuandika kipimo hicho kwenye tagi, sauti yenyewe haiguswi. Ukicheza, kanda ya 1989 na wimbo wa juzi vinatoka vikilingana. Kwa nyumba inayochanganya kwaya za Kinyakyusa na singeli, hili peke yake linatosha kuiweka kwenye kompyuta.

Mawili ya kivitendo kabla sijasahau. Diski yako ikiwa imeformatiwa kwa mpangilio wa zamani wa FAT32, haikubali faili linalozidi GB 4; video ya harusi ya GB 7 ilinigomea hadi nikahamisha kila kitu na kuifanya NTFS. Pia, kama kwenu umeme hukatika kama kwetu, chukua diski ndogo inayokula moto kwenye USB. Kompyuta mpakato ina betri, diski inaendelea, unaizima kwa utaratibu. Ile kubwa yenye waya wake wa ukutani inakufa hapo hapo, na ukiwa unanakili kitu, pole.

Kwa hiyo kwangu sasa ni Jellyfin kama ghala, foobar2000 kama karani wa tagi, na VLC kwa faili lolote linaloleta ubishi. Kodi nimeiacha kwenye boksi la Android la sebuleni kwa ajili ya zile filamu 38. Mwenye TV moja na kompyuta ya kuacha pale pale, mimi ningemwambia aanze na Kodi, asihangaike na seva.

Kilichobaki ni kanda za baba ambazo bado hazijaingia, zipo kama 40 kwenye boksi la viatu. Redio kaseti inazicheza kwa kuvuta, kwaya inaimba kama imechoka. Fundi pale Soweto ameifungua, anasema mpira wa ndani umelegea, nirudi Jumatano.