Kamera ya kuzunguka niliyofunga Chanika: wezi wameingia, imerekodi ukuta

Mifuko yangu ya chakula cha kuku imebebwa, na kamera niliyoinunua kwa kazi hiyo hiyo ilikuwa inawaka, ina mtandao, inarekodi. Imerekodi ukuta.

Nafuga kuku Chanika, mwenyewe naishi Tabata, siwezi kulala shambani kila siku. Nikaenda Kariakoo kutafuta kamera ya mtandao, ile unayoizungusha na kuvuta picha kwa simu ukiwa mbali. Kijana wa dukani akagusa mshale kwenye simu, kamera ikageuka kama shingo ya bundi. Akasema moja tu inatosha shamba zima, za nini nne. Nikalipa.

Juzi juzi hapa umeme ukakatika usiku, baadaye ukarudi. Hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Kamera hii ikiwaka upya hujipima kwanza: mota inapeleka kichwa mwisho wa huku na mwisho wa kule, halafu kinasimama pale kiwanda kilipopanga kuwa ni katikati. Haikumbuki kwamba uliiacha inatazama geti. Katikati ya kwangu ni ukuta wa stoo. Asubuhi nafungua kadi nakuta matofali usiku kucha, mjusi anapita, na sauti. Nasikia komeo la geti. Nasikia mifuko inaburutwa kwenye kokoto, mtu anasema "shika huku", pikipiki inawashwa, inaondoka. Sauti safi kabisa, ningeweza hata kumtambua mtu kama ningekuwa namjua. Sura, hakuna.

Nikarudi dukani na rekodi. Yule kijana hakunikaribisha hata kiti. Akaangalia kidogo, akanirudishia simu. "Mama, kamera nzima hii. Garantii ni ya kuungua, siyo ya kugeuka." Nikamuuliza mbona siku ya kuuza hakusema. Akajibu mbele ya wateja, "Kama hutaki igeuke si ungenunua isiyogeuka?" Mimi nina wajukuu. Nimesimama nyuma ya meza ya biashara kabla yeye hajazaliwa, na sijawahi kumjibu mteja hivyo. Pole ya kuibiwa sikupewa. Nikaanza kuonyeshwa nyingine ya bei ya juu.

Na huko kuvuta alikokusifia! Nilijaribu kusoma namba ya bodaboda aliyesimama barabarani. Kadiri ninavyovuta namba zinageuka madoa. Lenzi haisogei, ni programu tu inaitanua picha ile ile. Zipo ambazo lenzi yenyewe inatembea, hizo ndizo zinazovuta kweli, na bei yake ni nyingine. Kuzungusha nako kuna adha yake. Picha inapanda kwa laini ya simu mpaka kwenye seva ya kampuni, ndipo inishukie mimi. Nabonyeza kushoto, kimya. Nabonyeza tena, mara zote mbili zinatii kwa pamoja na kichwa kinapitiliza. Kifurushi nacho kinateketea: picha ya megabiti 2 kwa sekunde inakula kama MB 900 kwa saa.

Lakini nisimsingizie mtu. Kuna siku niliizungusha kuelekea bandani nikaona vifaranga wamerundikana kona moja, nikajua ni baridi. Nikampigia kijana wangu akawasha jiko, wakatawanyika nikiwa nawaangalia, na sikupoteza hata mmoja. Siku hiyo niliisifia kwa kila jirani. Kwa kazi ya bandani ni nzuri, nasema kweli, na bado naitumia.

Kwa geti, hapana. Getini funga isiyogeuka, iwe imekaza macho hapo hapo. Ukitaka lazima ya kuzunguka, mwambie muuzaji achomoe waya wa umeme mbele yako, achomeke tena, usubiri uone inarudi kutazama wapi. Zipo unazoweza kuzipangia pa kurudi. Na tafuta betri ndogo ya kulisha kamera pamoja na ruta umeme ukikatika.

Nilitaka kuishia hapo niipe nyota tatu. Ila fundi wangu wa hapa mtaani alipoifungua kakuta nywila ya kiwandani haijabadilishwa. Wa dukani waliniambia tuiache "ili tukusaidie kwa mbali". Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa nywila hizo hizo za kiwandani, na mtu anayeishi kwa kuuza kamera anamwachia mama wa watu geti wazi namna hiyo! Nimemwandikia WhatsApp, kasoma, kimya.

Nyota moja, na hiyo ni ya vifaranga. Duka lenyewe halipati kitu.