Programu ya kufuta faili zisirudi: uzoefu wangu wa wiki tatu

Nilikuwa na kompyuta mpakato mbili za kugawa, moja ya zamani yenye diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500 na nyingine yenye SSD (diski isiyozunguka, inayohifadhi data kwenye chipu) ya gigabaiti 256, na sikutaka atakayezipokea azikute nyaraka zangu. Nikapakua programu moja ya bure ya kufuta faili moja kwa moja. Sitaitaja jina, kwa kuwa mengi yaliyonikwaza yanatokana na jinsi diski zenyewe zinavyofanya kazi, ingawa lawama moja nitaitoa bila kusita: programu hii huandika neno "Imekamilika" mapema mno.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Ukimwaga pipa la taka, mfumo wa uendeshaji huondoa jina la faili kwenye orodha yake na kuihesabu nafasi ile kuwa wazi, lakini data yenyewe hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu hii ndiyo huandika hicho kitu kingine. Unabofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua kufuta, na mstari wa maendeleo unaanza kutembea.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kidogo: faili kadhaa ziligoma, zikidaiwa kutumiwa na programu nyingine. Kwangu mkosaji alikuwa huduma inayopeleka nakala za folda kwenye intaneti, na nilipoisimamisha zote zikafutika. Zisipokubali, kuna mpangilio wa kuahirisha kazi hadi kompyuta itakapowashwa upya.

Cha pili nilijitakia mwenyewe. Nilipofika kwenye kufuta nafasi wazi, yaani mabaki ya faili za zamani, nilikuta orodha ya mbinu na nikachagua ile ya raundi 35, yaani kuandika juu ya data mara 35, kwa dhana kwamba wingi ndio usalama. Diski yangu huandika takriban megabaiti 80 kwa sekunde, na nafasi wazi ilikuwa gigabaiti 400, kwa hiyo raundi moja tu ilihitaji kama saa 1 na dakika 23, na zote 35 zaidi ya saa 48 bila kupumzika. Mbinu hiyo inatokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, na raundi zake nyingi zililenga namna za kuandika data zilizotumika kwenye diski za enzi hizo. Yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba hakuna maana ya kuzitekeleza zote kwenye diski moja. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2014 uliona kwamba kwa diski za sumaku raundi moja ya sifuri kwa kawaida inatosha. Kuiweka mbinu ya raundi 35 kwenye menyu bila neno hata moja la maelezo ni kumpotezea mtumiaji muda.

Niliikatiza kazi hiyo katikati, na hapo nikagundua jambo jingine. Ili kufuta nafasi wazi, programu huijaza diski kwa faili la muda hadi isibaki baiti, kisha hulifuta faili hilo. Ukiikatisha vibaya, faili linabaki. Kompyuta ilianza kulalamika kwamba diski imejaa, na ilinichukua karibu saa nzima kuipata folda iliyofichwa, yenye jina la herufi zisizo na mpangilio, iliyokuwa imemeza gigabaiti zote zile. Nililifuta kwa mkono, nikaanza upya kwa raundi moja.

Baada ya "Imekamilika" nikaamua kuhakikisha. Niliendesha PhotoRec, programu ya kurejesha faili zilizopotea, juu ya nafasi wazi, na kwa haki ya Mungu haikupata kitu cha maana. Nikakaribia kuridhika. Kisha nikabofya sifa za folda ambamo palikuwa na picha ya cheti changu cha kuzaliwa, nikafungua kichupo cha matoleo ya awali, na cheti kikanitazama, kizima, na muhuri wake. Mfumo ulikuwa umeitunza nakala hiyo wenyewe kwa ajili ya kurejesha mipangilio, na programu haikuigusa kwa sababu nakala hizo hazihesabiwi kuwa nafasi wazi. Picha ndogo ya cheti hichohicho ilikuwamo pia katika hifadhi ya vijipicha vya mfumo. Kwa anayefuta faili mojamoja kwenye kompyuta anayoendelea kuitumia, hizo ndizo sehemu za kuchunguza kwanza.

Kwa kuwa diski ile ilikuwa inaondoka, niliachana na kufuta vipande vipande. Niliwasha kompyuta kwa flashi yenye ShredOS, mfumo mdogo wa kufuta diski nzima, nikalinganisha namba ya mfululizo iliyobandikwa kwenye diski na iliyoonyeshwa kwenye skrini ili nisije nikaifuta flashi yenyewe, kisha nikaandika sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baadaye niliisoma diski nzima kwa amri ya hexdump, ambayo mistari inayofanana huifupisha kwa kinyota. Gigabaiti 500 zilitoka kama mstari mmoja wa sifuri, kinyota kimoja, na namba ya mwisho wa diski.

Kwenye SSD programu ilinipotosha zaidi. Ilikubali kazi, ikatembeza mstari wake, ikatangaza mafanikio, na PhotoRec haikupata chochote. Jaribio hilo, hata hivyo, halithibitishi lolote hapa. Kidhibiti cha SSD hutawanya maandishi mapya kwenye seli nyingine ili zichakae kwa usawa, kwa hiyo kinachoonekana kuandikwa juu ya faili huenda kimeandikwa kando yake. Na pia mfumo, kwa amri ya TRIM, huijulisha SSD ni nafasi zipi hazihitajiki, nayo huzisafisha kwa wakati wake. Utupu nilioukuta huenda ulikuwa kazi ya TRIM tangu mwanzo.

Dawa ni amri ya kujifuta iliyomo ndani ya SSD yenyewe, ambayo kwa zile za SATA (aina ya muunganisho wa diski na kompyuta) hutolewa kwa hdparm, programu ya kuamuru diski katika Linux, nami nikaitumia hiyo. Mara ya kwanza ilikataa, ikisema diski imegandishwa, kwa kuwa BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, huifunga amri hiyo kompyuta inapowaka. Niliilaza kompyuta, nikaiamsha, na kufuli likawa limeondoka. Nikaweka nenosiri la muda, nikatoa amri, na haikufika hata dakika moja. Nawasihi tu msikate umeme katikati, kwani SSD inaweza kubaki imefungwa kwa nenosiri hilo.

Naipa programu nyota tatu kati ya tano kwa diski za kuzunguka, na moja kwa SSD. Ingeonya tu kwamba diski iliyochaguliwa ni SSD, ningeiongezea ya pili.