Ziara za basi Italia wakati wa kiangazi: ipi inawafaa wawili, ipi ya kuacha

Ziara za basi za Italia zinafanana sana kwenye matangazo. Siku 8, hoteli ya nyota 3 au 4, kifungua kinywa na chakula cha jioni, kiongozi wa msafara, na picha ya mnara wa Pisa. Bei nazo hazipishani sana. Likizo zenyewe ndizo zinazopishana, tena kwa mbali, na siri yote imo kwenye mstari mmoja wa ratiba: mnalala mji gani, na mnalala hapo siku ngapi.

Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza. Mume na mke waliotoka kupumzika hawana haja ya miji 12. Wanahitaji mji mmoja mzuri ambao jioni, wenzao wakishapanda vyumbani, wao wanaweza kutoka kwa miguu, wakatembea, wakala kitu, wakarudi walipolala jana. Kila mnapohama hoteli, mabegi yanatakiwa mlangoni alfajiri, na jioni mnapanga foleni ya funguo mahali pengine. Mkihama mara nne ndani ya wiki moja, nusu ya likizo imeishia kwenye kufunga na kufungua mabegi.

Kigezo cha pili ni joto. Julai na Agosti, nyuzi 35 si jambo la ajabu Firenze wala Roma. Kutembea juu ya mawe saa nane mchana ni kazi ngumu hata kwa mtu aliyezaliwa Mombasa, kwa sababu upepo wa bahari haupo.

1. Ziwa Garda na Verona

Kama mnasafiri Julai au Agosti, nunueni hii. Garda ndilo ziwa kubwa kuliko yote Italia. Upande wa kaskazini limebanwa na milima, upande wa kusini linafunguka, na mchana upepo wanaouita Ora hupanda kutoka kusini ukapoza miji ya ufukweni. Ziara nyingi za huku hukaa hoteli moja wiki nzima. Basi linawapeleka Verona siku moja, Venezia au milima ya Dolomiti siku nyingine, na siku inayobaki huru mnapanda boti za abiria zinazounganisha miji ya ziwani. Hapo ndipo penye raha: asubuhi mnashuka Malcesine, mnapanda kwa kebo hadi Monte Baldo, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mtahitaji sweta, kisha mnarudi chini kula samaki kando ya maji.

Angalieni sana jina la mji wa hoteli. Tangazo likisema tu "Ziwa Garda", ulizeni. Hoteli nyingine ziko bara, mbali na maji, na bila basi hamwendi popote. Kwa wawili wanaopenda kutembea jioni ningechagua mji wenyewe wa Garda, Bardolino au Lazise, upande wa mashariki: njia ya miguu inapita ukingoni mwa ziwa kutoka mji hadi mji, na ni tambarare. Limone na Malcesine ni mizuri kwa macho, lakini ina miinuko, na mwenye goti bovu ataihisi. Sirmione, wenye ngome iliyozungukwa na maji, nendeni asubuhi mapema. Mchana wa Agosti vichochoro vyake havipitiki kwa watu.

Kisha kuna opera. Uwanja wa Kirumi wa Verona, ambao wenyewe wanauita Arena, umekuwa na tamasha la kiangazi tangu 1913, lilipofunguliwa kwa opera ya Aida. Onyesho huanza giza likiingia na mara nyingi huvuka saa sita ya usiku. Kama ziara yenu ina tiketi hiyo, tazameni ratiba ya kesho yake. Sheria za Ulaya zinamtaka dereva apumzike saa 11 mfululizo kati ya siku moja na nyingine, na zinaweza kushushwa hadi 9 kwa mara chache tu. Ratiba inayowarudisha hotelini saa saba usiku na kuwaondoa saa moja asubuhi kwa dereva yuleyule, ama haitafuatwa ama inavunja sheria. Mpangaji makini huiacha asubuhi hiyo iwe huru. Ni dalili nzuri ya kumpima.

2. Toscana, mkilala Montecatini Terme

Kwa Juni au Septemba ningeipandisha hii hadi nafasi ya kwanza. Montecatini ni mji wa zamani wa maji ya tiba, mwaka 2021 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na miji mingine ya aina yake barani Ulaya, na una hoteli nyingi zilizozoea kupokea makundi ya mabasi. Msidharau kwa sababu hamjawahi kuusikia. Una bustani, mikahawa yenye viti nje, na kitreni cha kamba cha tangu 1898 kinachopanda hadi kijiji cha zamani kilimani, ambako jioni pana hewa.

Faida kubwa zaidi ni stesheni. Treni za Lucca na Firenze zinapita hapo. Siku ambayo kundi linakwenda mahali msipopataka, ninyi mnachukua treni yenu na kwenda Lucca, mji ambao mngeupenda hata kama hamna hamu ya makanisa: ukuta wake mzima, kilomita 4 na kidogo, ni barabara ya kutembea na kuendesha baiskeli chini ya miti. Pande zote mbili kuna mambo ya kutazama, ndani mapaa na minara, nje milima.

Basi litawapeleka Siena, San Gimignano na Pisa. San Gimignano ilikuwa na minara 72 enzi za utajiri wake, leo imebaki 14, na ukiwa mbali bado inakushtua. Siena ina mbio za farasi za Palio tarehe 2 Julai na 16 Agosti. Siku hizo mji unafurika, kwa hiyo mjue mnakwenda kwa ajili ya Palio au mnaiepuka. Na jambo moja dogo linaloharibu safari za wengi: majumba ya sanaa ya Firenze, Uffizi na Accademia, ilipo sanamu ya Daudi ya Michelangelo, hufungwa Jumatatu. Ratiba ikiwapeleka Firenze Jumatatu, mtaona kuta za nje.

Mabasi hayaingii katikati ya miji hii. Miji mingi ya Italia ina eneo lililowekewa mipaka ya magari, na mabasi ya watalii huegesha nje ya kuta. Pisa mtashuka mbali na mnara na kutembea. Ulizeni umbali wa kutembea kila siku, hasa mkisafiri na mzazi au kama mmoja wenu hana miguu ya kuaminika.

3. Puglia na Matera

Huku ni kusini, kwenye kisigino cha Italia, na kwa chakula ndiko ninakokupenda kuliko kote. Maharage mapana yaliyopondwa na mboga chungu za majani, samaki, tambi za orecchiette zinazofinyangwa kwa mkono milangoni pa nyumba za Bari ya zamani. Ni jiko linaloeleweka haraka kwa mtu aliyelelewa kwa kunde na mchicha. Alberobello wenye nyumba za paa la mawe lililochongoka, Polignano uliokaa juu ya jabali la bahari, Ostuni mweupe, Lecce wa mawe ya rangi ya asali, vyote viko karibu karibu na ardhi ni tambarare, kwa hiyo saa za basi ni chache.

Matera, ng'ambo kidogo katika mkoa wa Basilicata, ndiyo sababu ya kwenda. Watu waliishi ndani ya mapango yake hadi miaka ya 1950, serikali ilipowahamisha kwa sababu ya umaskini na maradhi. Leo ni Urithi wa Dunia, tangu 1993. Lakini chagueni ziara inayolala Matera angalau usiku mmoja. Wanaokuja kwa saa tatu mchana wanapata jua kali na ngazi tu. Mji unapendeza taa zikiwaka.

Imekaa ya tatu kwa sababu moja: Julai na Agosti joto la huku ni kali na vivuli ni haba. Kwa Septemba msisite.

4. Ghuba ya Napoli, mkilala Sorrento

Safari ya boti kwenda kisiwa cha Capri ni fupi, magofu ya Pompeii yako karibu, na jioni za Sorrento ni nzuri. Tatizo ni basi lenyewe. Barabara ya pwani ya Amalfi ni nyembamba mno na mabasi makubwa yamewekewa vizuizi, kwa hiyo siku ya Amalfi hufanyika kwa mabasi madogo au boti, mara nyingi kwa malipo ya ziada. Ukinunua hii unanunua mandhari, na foleni nayo imo. Pompeii haina vivuli. Ingieni mlango unapofunguliwa au acheni.

5. Roma, Firenze, Venezia kwa wiki moja

Najua ndiyo inayouzwa kuliko zote, na najua kwa nini: ukipata nafasi ya Italia mara moja maishani, unataka kuona yale majina. Siwakatazi. Ila miji hii mitatu imeunganishwa na treni za kasi zinazoshuka katikati ya mji, au kwa Venezia ukingoni mwa mfereji mkuu. Basi linawashusha pembeni. Na ili bei ishuke, hoteli za kundi huwa nje: Mestre au Lido di Jesolo badala ya Venezia, na pembezoni mwa Roma. Jioni za wawili, zile tulizosafiria, zinakufa hapo.

Mkiinunua, jueni pia ada ya Venezia. Tangu 2024 wageni wa kutwa hulipa kuingia mji wa kale siku zilizoteuliwa za machipuko na kiangazi, kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni. Mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema na 10 kwa aliyechelewa. Anayelala Mestre halipi, kwa kuwa ni manispaa ileile, ila hujiandikisha. Anayelala Jesolo analipa. Muulizeni wakala ni nani anayelipa.

Zile za "Italia yote kwa siku 8", kutoka Milano hadi Napoli, sikuzipa namba. Msinunue.

Basi kutoka nyumbani, au ndege kwanza?

Waswahili wenzangu mnaoishi Ulaya mtakutana na bei za chini za mabasi yanayotoka huko huko mlipo. Kutoka München hadi Garda ni siku moja kupitia Brenner, njia ya kuvuka milima ya Alpi, na ni safari ya kupendeza. Kutoka Uingereza ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Ziara ya siku 10 inawabakishia 6. Hapo lipieni ndege hadi Verona au Pisa, basi liwapokee uwanjani.

Kabla ya kulipa

Bei huandikwa kwa mtu mmoja, wawili wakilala chumba kimoja. Ombeni kwa maandishi camera matrimoniale, yaani chumba chenye kitanda kimoja cha wawili, la sivyo huenda mkapewa vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja. Kodi ya malazi ya mji hulipwa kwa kila mtu kwa kila usiku na mara nyingi haimo kwenye bei. Viingilio navyo someni kwa makini: penye "tutatazama" hamuingii ndani.

Chakula cha jioni cha kundi ni menyu moja kwa wote, kwa hiyo wasiokula nguruwe waseme wakati wa kuweka nafasi, si mezani. Nguruwe hujificha: mchuzi wa ragù mara nyingi huchanganya nyama mbili, na piadina ya asili, mkate wa bapa kama chapati, hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Senza maiale, yaani bila nguruwe, ndiyo maneno ya kukumbuka. Ndugu wa Malindi na Watamu, mliokua mkisikia Kiitaliano sokoni, hamna shida hapa.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya Italia na nchi nyingi za Ulaya, hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen haihitaji. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000.

Ziara iliyouzwa Umoja wa Ulaya inalindwa na sheria ya safari za vifurushi. Bei ikipandishwa zaidi ya asilimia 8 mnaweza kujitoa na kurudishiwa fedha, na ndani ya siku 20 za mwisho haipandishwi kabisa. Lakini mwandaaji naye ana haki ya kufuta ziara ya zaidi ya siku 6, mpaka siku 20 kabla, kama abiria hawakutimia. Atawarudishia fedha za ziara. Tiketi ya ndege mliyojinunulia kando kutoka Nairobi au Dar es Salaam hairudishi. Basi subirini mpate viza mkononi na barua ya wakala inayothibitisha kwamba ziara inaondoka, ndipo mnunue ndege.