Darubini ya mili au ya dakika? Yaliyonikuta kwenye vizimba vyangu Igombe

Vizimba vyangu vya sato viko Igombe, Mwanza, mita 900 kutoka kwenye jiwe ninaposimama alfajiri. Ziwa likichafuka usiku, kukipambazuka nataka kujua jambo moja tu: nanga zimeshika au zimeburuzwa? Kuwasha injini kila mara kwenda kuhakikisha ni kuchoma petroli. Ndipo nikaanza kutafuta darubini yenye mistari ya kupimia ndani ya kioo.

Ya kwanza ilikuwa ya jicho moja, inakuza mara 20, aina wanayotumia wawindaji, na mistari yake ni ya MOA, yaani dakika za pembe, si za saa. Duara lina nyuzi 360, kila nyuzi dakika 60, jumla 21,600. Kioo chake ni safi sana, siwezi kukidhulumu. Tabu ni hesabu. Dakika moja kwenye mita 100 ni sentimita 2.9. Mmarekani anayepima kwa yadi na inchi hapati shida, kwa sababu kwenye yadi 100 inakuwa karibu inchi moja. Mimi nyavu, kamba na kina cha maji napima kwa mita. Nikitaka umbali wa mtumbwi, nachukua urefu wa mtu aliyesimama ndani yake, nazidisha kwa 3,438, nagawanya kwa dakika nilizosoma. Huku simu, huku lenzi, na mtumbwi wenyewe unayumba!

Nikahamia mili, kipimo kingine cha pembe. Mili moja ni mita 1 ukiwa umbali wa mita 1,000, basi. Safu yangu ya vizimba, boya la kwanza hadi la mwisho, ni mita 45. Nikisoma mili 50, nazidisha 45 kwa 1,000, nagawanya kwa 50: nipo mita 900. Hesabu hiyo naifanya kichwani, na kijana wangu wa ulinzi aliishika siku hiyo hiyo.

Ila darubini ya kwanza ya mili niliyonunua ilinitesa. Ilikuwa ya mtumba, ya enzi za Urusi ya Kisovieti, na muuzaji aliniapia kwamba mili ni mili. Kila umbali ukawa unatoka mrefu kuliko ukweli. Nikapigilia vigingi viwili ufukweni, mita 20 kati yake, nikarudi nyuma mita 500 kwa kamba. Nilitegemea kusoma 40, nikapata 38 na kidogo. Kumbe jeshi la Kisovieti liligawa duara sehemu 6,000, NATO sehemu 6,400, na mili halisi ya radiani, ile ya mita 1 kwenye mita 1,000, ni takriban sehemu 6,283. Kosa linakaribia asilimia 5: kwenye kilomita moja, karibu mita 50. Muuzaji hakutaka kuipokea tena.

Ninayotumia sasa ni 7x50 ya mili, yaani inakuza mara 7 na kioo cha mbele ni milimita 50, mpya, laki tatu na nusu. Mwaka umepita. Asubuhi moja baada ya dhoruba safu ilisoma chini kidogo ya 45 badala ya 50. Pale kila mili ni sentimita 90, kwa hiyo safu ilikuwa imejikunja karibu mita tano. Tulikuta nanga ya upande wa kaskazini imeburuzwa na wavu umeanza kulegea. Samaki wote walikuwa bado ndani. Nilikaa kwenye mtumbwi nikamshukuru Mungu.

Udhaifu wake upo. Mistari imepishana mili tano tano, na mtu aliyesimama umbali huo hafiki hata mili mbili, kwa hiyo kumpima ni kubahatisha. Hapo ile ya dakika inaishinda kabisa, kwa sababu inakuza zaidi na mistari yake ni ya karibu karibu. Sijaiuza. Na yoyote utakayochukua, pima asubuhi. Jua likipanda, hewa juu ya maji inacheza na mstari hautulii.

Kabla hujatoa hela, omba kuijaribu kwa vigingi viwili na kamba ya kupimia. Muuzaji akikataa, ondoka.