Uzoefu wangu wa uzamivu: programu ilivyonishika msimamizi alipohama

Tasnifu yangu iko mikononi mwa watahini. Wakati nasubiri kuitwa kuitetea, nimeona niandike tathmini ya programu niliyosoma, kwa ajili ya wale wanaojaza maombi ya uzamivu sasa. Chuo sikitaji. Inatosha kusema kwamba fani yangu ni sayansi ya udongo, programu ni ya miaka minne yenye ufadhili, na leo nikiambiwa nichague upya nitarudi pale pale.

Sikuichagua kwa jina lake. Orodha za ubora wa vyuo, kama ile ya QS, huangalia chuo kizima: sifa yake kwa wanazuoni, makala za walimu wake zinanukuliwa kiasi gani, kila mwalimu ana wanafunzi wangapi. Hazisemi kitu kuhusu watu wawili watatu watakaosoma kila ukurasa utakaouandika, wala kuhusu fedha utakazoishi nazo.

Karibu kila niliyemwomba ushauri aliniambia nitafute msimamizi mzuri, mengine yatajipanga. Ni ushauri wa kweli, lakini unaishia njiani. Msimamizi naye ni binadamu: anahama, anastaafu, anaugua, au anateuliwa kuwa mkuu wa kitivo na ghafla hana tena saa ya kukaa na mwanafunzi. Kwa hiyo kila programu niliiuliza swali moja: hilo likitokea, mimi nabaki na nini?

Nilikuwa na nafasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa kwa profesa anayejulikana sana katika fani, na posho yangu ingetoka kwenye mradi wake. Ya pili ilikuwa kwa profesa mwenye jina dogo kidogo, ila ufadhili ulikuwa wa programu, umeandikwa kwa jina langu kwa miaka yote minne. Tofauti hiyo watu huipita haraka wanaposoma barua ya kukubaliwa, kwa sababu kiasi cha posho kinaweza kuwa sawa kabisa. Fedha za mradi humfuata mwenye mradi, na mradi una tarehe yake ya kuisha ambayo huenda isilingane na yako. Fedha za programu hukaa na mwanafunzi. Programu ya pili pia iliniwekea wasimamizi wawili tangu siku ya usajili, pamoja na kamati ndogo ya kunipitia kila mwaka.

Mfumo wa nchi nao una uzito wake. Marekani, kwa kawaida unaanza na masomo ya darasani, unafanya mtihani wa kukuruhusu kuendelea, ndipo unaingia kwenye utafiti wenyewe. Miaka mitano au sita ni kawaida. Programu nyingi za huko katika sayansi za viumbe humzungusha mwanafunzi kwenye maabara kadhaa kabla hajachagua msimamizi, na huo ni utaratibu wa busara mno, kwani unamwona mtu akifanya kazi kabla ya kujifunga naye. Uingereza unaingia kwenye mada yako mapema, unamaliza kwa miaka mitatu hadi minne, na mwishoni unahojiwa faragha na mtahini wa ndani na wa nje. Uholanzi, Norwei na Sweden, wanafunzi wengi wa uzamivu ni waajiriwa wa chuo wenye mkataba na mshahara. Mimi nilitaka kuanza na udongo wangu mapema, kwa hiyo nikaegemea mfumo wa miaka minne. Anayebadili fani atafaidika zaidi na ule wenye madarasa.

Na usikubali kukimbizwa. Vyuo vingi vya Marekani vimeridhia azimio la Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vinavyotoa shahada za juu, linalosema kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Hata pale ambapo hakuna azimio kama hilo, kuomba muda wa kuzungumza na wanafunzi waliopo ni haki ya mtu anayetaka kutoa miaka yake.

Mazungumzo hayo yalinifaa kuliko tovuti zote. Dada mmoja aliyekuwa anakaribia kumaliza alinikatiza nilipomuuliza kama msimamizi ni mtu mwema. "Kaka, wema wake hautakumalizia tasnifu. Niulize rasimu inakaa kwake muda gani." Nikamuuliza. Akasema wiki mbili, tatu zikizidi, na inarudi imejaa maoni hadi kwenye majedwali. Baada ya hapo swali hilo nilimuuliza kila mwanafunzi. Nililiongezea jingine: nani aliacha, na naweza kuzungumza naye? Programu ya pili ilinipa anwani ya mtu aliyeondoka bila kumaliza, naye akaniambia waziwazi kilichomwondoa, ambacho hakikuhusu usimamizi. Programu ya kwanza haikunijibu swali hilo, nami nikahesabu kimya chake kuwa jibu.

Kisha jambo lenyewe likatokea. Nikiwa mwaka wa pili, msimamizi wangu mkuu alipata kazi katika nchi nyingine. Nilisikia kwake mwenyewe, kwa heshima, kabla ya tangazo. Kilichofuata ndicho kinachonifanya niipe programu hii alama ya juu. Kamati iliitishwa upesi, msimamizi wa pili akapandishwa kuwa mkuu, na yule anayehama akabaki mshauri wa nje kwa maandishi. Wakaniwekea pia mpango wa maabara: mashine ya kupima kaboni na naitrojeni ilikuwa mali ya idara, si ya mradi, hivyo haikuondoka. Sampuli zangu, zilizokwisha kukaushwa, kuchekechwa na kuwekewa lebo, ziliandikwa rasmi kuwa za tasnifu yangu. Hilo la mwisho huonekana dogo, lakini mwenye kusafirisha udongo kuvuka mpaka anajua vibali vyake, maana nchi nyingi huudhibiti kwa hofu ya wadudu na magonjwa ya mimea. Sampuli zingeondoka, zisingerudi.

Kulikuwa na hasara, na inaniuma bado. Sura niliyoipenda kuliko zote, juu ya vijidudu vya udongo, ilibidi niiache, kwa sababu msimamizi mpya ni mtu wa kemia ya kaboni na hapakuwa na mwingine wa kuisimamia ipasavyo. Hata hivyo mwenzangu wa maabara ile ile, aliyekuwa akilipwa na mradi, alikabiliwa na jambo zito zaidi: amfuate profesa na kuanza upya taratibu za viza na usajili, au abaki na kutafuta fedha mwenyewe. Alimfuata. Alikuwa na mtoto mdogo. Uwezo wake haukuwa chini ya wangu hata kidogo. Kilichotutenganisha ni mstari mmoja kwenye barua zetu za kukubaliwa.

Maisha ya kila siku yana mambo ambayo hakuna kijitabu cha programu kinachoyaeleza. Kazi yangu kubwa ilikuwa kufungia udongo kwenye chupa, kuuweka kwenye joto na unyevu usiobadilika, na kupima kaboni dayoksaidi inayotoka kadiri vijidudu vinavyokula mboji. Jaribio la namna hiyo huchukua miezi, na kifaa kikizimika katikati unaanza tena. Kuna vipindi virefu ambapo huna cha kumwonyesha mtu. Marafiki wanapanda vyeo, wewe unapima hewa ya chupa zile zile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Biotechnology uliwahoji wanafunzi 2,279, wengi wao wa uzamivu, kutoka nchi 26, ukaonyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi miongoni mwao ni zaidi ya mara sita ya zile za watu wa kawaida. Niliposoma takwimu hiyo nilielewa kwa nini programu yangu ilikuwa na kikundi cha kuandika pamoja kila asubuhi. Hatukuwa tukisomana kazi. Tulikaa tu chumba kimoja, kila mtu na sura yake, na asiyeonekana siku mbili alipigiwa simu. Programu isiyo na kitu cha namna hiyo, jiundieni.

Makala nazo zina maisha yake. Makala yangu ya kwanza ilikataliwa na jarida moja, ikarudishwa na jingine na maoni marefu ya wahakiki, ndipo ikakubaliwa. Kwa hiyo soma kanuni za programu kwa makini: inataka makala ngapi kabla ya kutetea, na inataka ziwe zimewasilishwa, zimekubaliwa au zimechapishwa? Maneno hayo matatu yanaweza kutofautiana kwa mwaka mzima. Yangu ilitaka moja iliyokubaliwa, na naona ni kipimo cha haki. (Marejeo, yaingize kwenye programu ya kompyuta ya kutunza marejeo, kama Zotero, tangu makala ya kwanza unayoisoma, kuyatafuta upya mwaka wa nne ni mateso yasiyo na faida.)

Kasoro zipo mbili. Mwanzoni posho ilichelewa kwa sababu karatasi zilizunguka kati ya ofisi mbili, na wageni ndio waliumia zaidi kwa kuwa hawakuwa na ndugu wa kuwakopesha. Nasikia siku hizi wanalipa malipo ya kwanza mwanafunzi anapofika, na kama ni kweli nafurahi.

Ya pili bado ipo, na ni kubwa zaidi. Ufadhili unakwisha siku ya kukabidhi tasnifu, lakini watahini wanahitaji miezi ya kuisoma, kisha kuna utetezi, kisha masahihisho. Katika miezi hiyo wewe bado ni mwanafunzi, na kwa mgeni viza yako bado inategemea usajili, lakini posho hakuna. Mimi naishi kwa kufundisha madarasa ya maabara ya shahada ya kwanza, na nafasi hizo hazitoshi kwa wote tuliokabidhi. Tumeiandikia ofisi ya programu kuomba posho iendelee hadi siku ya kutetea, na msimamizi wangu ameweka saini yake chini ya barua hiyo. Ukiandikiana na programu yoyote, uliza ufadhili unahesabiwa hadi kukabidhi au hadi kutetea, na jibu lake liwe kwenye barua kabla hujaweka saini yako.